Ganzi ya Meno: Maumivu Yanayofuata Kung'arisha Meno na Namna ya Kuyapunguza

Kiswahili kina neno moja linalobeba hali mbili ambazo, kwa daktari wa meno, zinapingana kabisa. Neno lenyewe ni ganzi. Mguu ukikaliwa muda mrefu hufa ganzi, yaani hausikii kitu. Kabla ya kung'oa jino, daktari hupiga sindano ya ganzi ili mgonjwa asisikie kitu. Lakini mtu akila embe bichi au akinyonya ndimu, husema meno yake yameingia ganzi, na hapo anataka kusema kwamba meno yanasikia mno: upepo ukiyagusa tu, mwili mzima unasisimka. Ganzi ya kwanza ni kutosikia, ya pili ni kusikia kupita kiasi, na wazungumzaji wanazitenganisha bila shida kwa sababu muktadha huwasaidia.

Kwenye zahanati muktadha huo haupo. Kila mwaka, majuma machache kabla ya kolasyo na picha za joho, baadhi ya wenzetu wananunua jeli za kung'arisha meno, na wengine wanajitengenezea dawa yao kwa ndimu na bikaboneti. Ikifika siku ya tatu utawaona wakinywa maji ya uvuguvugu kwa upande mmoja wa mdomo. Mmoja wao, dada wa mwaka wa pili, alikwenda kutibiwa akasema, "Docta, meno yangu ya mbele yana ganzi." Daktari akamuuliza nani alimpiga sindano. Dada akajibu hakupigwa sindano yoyote. Daktari akachukua chuma chake akaanza kumgonga meno apate kujua ni lipi lililokufa, na dada akaruka kitini. Ndipo wakaelewana, ingawa kwa njia ambayo hakuna angependa kuirudia.

Katika makala haya nitaeleza kinachotokea ndani ya jino linapong'arishwa, kwa nini linauma, na yapi yanayopunguza maumivu hayo. Kwa kuwa tuko kitivo cha lugha, nitauliza pia namna ya kuyasema.

Watafsiri wa Biblia walikutana na tatizo hilihili zamani. Katika Ezekieli sura ya 18 kuna methali ya Waebrania kuhusu wazazi waliokula zabibu kali na taabu ya meno iliyowapata watoto wao. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika hapo ndicho kinachotumika katika Mhubiri sura ya 10 kwa chuma kisichokata: meno yamekuwa butu. Wafaransa walichagua kitenzi "agacer", ambacho ni kuchokoza, kuudhi. Biblia ya Kiswahili, ile ya Union ya mwaka 1952, ikachukua ganzi. Butu, kuchokozwa, ganzi: lugha tatu zimelitazama jino moja kwa macho matatu. Nakiri kwa shingo upande kwamba Kifaransa ndicho kilichokaribia zaidi mambo yalivyo.

Tulitazame jino lenyewe. Tabaka lake la nje, lile linaloonekana tukicheka, huitwa enameli. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Halina damu wala mshipa wa fahamu, na kwa sababu hiyo likilika haliwezi kuota tena. Chini ya enameli kuna dentini, yenye rangi ya njano kidogo, na katikati kabisa kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Rangi tunayoiona kwa sehemu kubwa ni ya dentini ikipenya kupitia enameli, kama vile taa inavyoonekana nyuma ya pazia jembamba. Pazia likipungua unene, njano inazidi. Tulishike hilo, maana litatufaa tukifika kwenye ndimu.

Dentini imetobolewa na vijifereji vyembamba mno, maelfu kwa maelfu katika kila milimita mraba, vinavyotoka kwenye kiini kuelekea nje. Vimejaa majimaji. Katika miaka ya 1960, Martin Brännström wa Sweden alionyesha kwa majaribio kwamba kinachouma ni mwendo wa majimaji hayo. Maji ya baridi huyafanya yanywee, upepo huyakausha mdomoni mwa kifereji, sukari nyingi huyavuta yatoke nje. Kila yanaposogea, mishipa ya fahamu iliyoko upande wa kiini hushtuka, na mtu anasikia ule mchomo mkali wa sekunde moja au mbili. Katika jino zima vijifereji hivyo vimefunikwa: na enameli upande wa juu, na fizi pamoja na tabaka jembamba sana upande wa mzizi. Enameli ikilika au fizi ikirudi nyuma, vinabaki wazi.

Hiyo ndiyo ganzi ya ndimu na ya baridi. Ganzi ya kung'arisha meno inaongeza jambo moja. Dawa inayobadilisha rangi karibu katika jeli zote ni peroksidi ya hidrojeni, ama yenyewe ama ikitoka katika peroksidi ya kabamidi. Molekuli yake ni ndogo sana, kiasi kwamba inapenya enameli na dentini na kufika kwenye kiini katika dakika chache, robo saa hivi. Njiani inazivunja molekuli zenye rangi, na hapo ndipo weupe unapopatikana. Ikishafika kwenye kiini inakichokoza: kiini kinawaka kidogo na mishipa yake inakuwa myepesi kushtuka. Ndiyo maana hata mtu mwenye meno mazima, asiye na tundu hata moja, anaweza kuumwa. Wengine husikia mshtuko kama wa umeme bila kunywa wala kula kitu, unapita, kisha unarudi baadaye katika jino jingine. Meno madogo ya mbele ya chini ndiyo yanayolalamika mapema, kwa kuwa ni membamba na njia ya kufika kwenye kiini ni fupi.

Habari njema ni kwamba kiini chenye afya hujituliza chenyewe. Dawa ikisimamishwa, kwa watu wengi maumivu huisha katika siku chache. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba maumivu hayo hayapimi chochote. Nimesikia katika mabweni kauli kwamba "ikiuma ndiyo inafanya kazi". Rangi inabadilika kwenye dentini na enameli, maumivu yanatoka kwenye kiini. Mtu anaweza kupata weupe bila kuumwa, na anaweza kuumwa sana bila kupata weupe.

Historia ya dawa hii inasaidia kuelewa namna ya kuitumia. Katika miaka ya 1960, huko Arkansas, Marekani, daktari mmoja wa kunyoosha meno aliwapa wagonjwa wake dawa ya kutibu fizi, yenye peroksidi ya kabamidi, waivae usiku katika kifuniko cha meno. Fizi zikapona, na meno yakaonekana meupe kuliko mwanzo. Mwaka 1989 Haywood na Heymann walichapisha njia hiyo rasmi: jeli ya asilimia 10 ya peroksidi ya kabamidi, ndani ya kifuniko kilichotengenezwa kwa kipimo cha mdomo wa mtu mwenyewe, akilala nayo. Ni dawa dhaifu inayofanya kazi polepole, na hadi leo ndiyo kipimo ambacho njia nyingine hulinganishwa nacho.

Kwenye pakiti namba hupotosha. Asilimia 10 ya kabamidi hutoa takriban asilimia 3.5 tu ya peroksidi ya hidrojeni, na asilimia 35 ya kabamidi hutoa kama 12. Anayelinganisha pakiti mbili kwa kutazama namba bila kusoma jina la kemikali analinganisha mihogo na unga. Katika Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2011 linasema bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 hadi asilimia 6 ya peroksidi ya hidrojeni iuzwe kwa madaktari wa meno pekee, matumizi ya kwanza yafanywe chini ya usimamizi wao, na isitumiwe kwa walio chini ya miaka 18. Jeli isiyoandikwa asilimia yoyote, mimi nisingeitia mdomoni.

Nguvu ya dawa inanunua haraka, hainunui weupe zaidi. Jeli dhaifu ikipewa majuma kadhaa hufika karibu palepale inapofika jeli kali kwa siku chache, na njiani inachokoza kiini kidogo zaidi. Vilevile, weupe mkali unaoonekana saa ileile baada ya kutumia jeli kali kwa sehemu fulani ni ukavu: jino lililopoteza maji huonekana jeupe kuliko lilivyo, na likishakunywa mate kwa siku kadhaa linarudi nyuma kidogo. Kwa hiyo anayetaka kung'ara siku ya kolasyo aanze miezi miwili kabla, na anayeanza juma moja kabla ajue kwamba anachokinunua ni maumivu.

Sasa ndimu. Enameli huanza kuyeyuka pale uchachu unapofika pH ya 5.5 hivi na kushuka. Maji ya ndimu yako karibu na pH ya 2. Ndimu haivunji rangi iliyo ndani ya jino. Inaondoa madoa ya juu pamoja na enameli yenyewe, na ule weupe wa siku ya kwanza ni weupe wa uso uliokwaruzika. Kisha pazia linapungua, njano ya dentini inajitokeza, na mtu anaongeza ndimu ili aiondoe. Ganzi ya namna hii haiishi dawa ikisimamishwa, kwa kuwa kilichoondoka hakirudi. Bikaboneti peke yake haina ukali huo. Ni laini, inasugua madoa ya chai na ya sigara, na kazi yake inaishia hapo. Ikichanganywa na ndimu inatoa povu, na povu hilo watu hulidhani ni nguvu, kumbe ni tindikali na alkali zinauana na kutoa gesi ileile ya kwenye soda. Unga wa makaa, majivu na mchanga laini vyote ni vya kusugua. Vinaondoa doa kwa kukwangua, na fizi zikishazoea kukwanguliwa hurudi nyuma na kuacha mzizi wazi. Kijiti cha mswaki, kile cha mti ambacho wazee wanakitafuna asubuhi, ninakitetea: kinasafisha vizuri kikitumiwa kwa upole. Hakibadilishi rangi ya jino, wala hakijawahi kudai hivyo.

Tuje kwenye kupunguza maumivu. Kazi kubwa hufanyika kabla ya jeli kufunguliwa. Mtu aonwe kwanza na daktari wa meno, aondolewe ukoga, matundu yazibwe. Tundu lililo wazi ni mlango: peroksidi inapita humo moja kwa moja hadi kwenye kiini, na maumivu yake si ya kuvumilia. Wapo wanaogundua baada ya kuondolewa ukoga kwamba meno yao hayakuwa na rangi mbaya hata kidogo, na hadithi yao inaishia hapo, kwa gharama ndogo.

Majuma mawili kabla ya kuanza, asubuhi na usiku, atumie dawa ya mswaki ya meno mepesi kushtuka. Hapa kwetu pakiti huandikwa kwa Kifaransa, "dents sensibles", na kitu cha kutafuta katika orodha ya viungo ni "nitrate de potassium", kwa kawaida asilimia 5. Potasiamu hufuata vijifereji hadi kwenye mishipa ya fahamu, na ikishajaa pale, mishipa inakuwa mizito kushtuka. Haizibi kitu; inatuliza. Inahitaji muda, na anayeipaka mara moja kisha akasema haifai hajaipa nafasi. Floridi hufanya kazi kwa njia nyingine, inaimarisha enameli na kusaidia kuziba midomo ya vijifereji. Dawa ya kawaida ya watu wazima huwa na sehemu 1450 kwa milioni. Baada ya kupiga mswaki, mtu ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Tunasukutua kwa bidii mno, tunaimwaga dawa yote kwenye karai.

Wakati wenyewe wa kung'arisha, tone dogo kwa kila jino linatosha. Jeli inayofurika inaangukia fizi, ambazo hubadilika kuwa nyeupe na kuwasha. Ipanguswe mara moja kwa kitambaa safi. Anayeanza kuumwa ana njia tatu za kupunguza dozi kabla ya kufikiria kuacha: kufupisha saa, kuruka siku, au kushuka kwenye jeli dhaifu zaidi. Kuruka siku ndiko ninakokupendekeza kwanza. Jeli ikivaliwa usiku mmoja na kuachwa usiku mbili, kiini kinapata muda wa kutulia, na weupe uliokwisha kupatikana hauondoki kwa mapumziko hayo. Kufupisha saa nako kuna maana, kwa kuwa nguvu kubwa ya jeli ya kabamidi hutoka katika saa mbili za mwanzo na inayobaki hupungua polepole hadi alfajiri. Katika usiku wa mapumziko, madaktari wengine hushauri kuweka dawa yenye nitrati ya potasiamu ndani ya kifuniko hichohicho kwa dakika 10 hadi 30. Njia hii inasaidia, ila baadhi ya dawa za mswaki zenye povu jingi huwasha fizi zikikaa muda mrefu, basi ni vizuri kumuuliza daktari ipi inafaa.

Kupiga mswaki kwa nguvu dakika chache kabla ya kuvaa jeli ni kujitafutia taabu. Siku hizo ni vyema kuepuka soda, juisi ya ndimu au ya ukwaju, na maji ya barafu. Anayekunywa kitu kichachu asukutue kwa maji na asubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya mswaki, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na tindikali hukwanguka kirahisi. Kidonge cha maumivu kama ibuprofeni kinaweza kupunguza makali kwa saa chache kwa asiye na vidonda vya tumbo, lakini anayehitaji vidonge kila siku ili aendelee na jeli, dozi yake ya jeli ni kubwa mno. Wajawazito waahirishe shughuli yote hii.

Yapo meno ambayo hayapaswi kukimbizwa na jeli, na hapa suala linatugusa kwa karibu. Gesi za volkeno za Nyiragongo na Nyamulagira hubeba floridi, nayo huingia katika maji ya mvua ambayo watu wa maeneo yale huyakinga kwenye mabati na kuyanywa. Mtoto akinywa floridi nyingi wakati meno yake yanajijenga ndani ya taya, yanaota na madoa meupe kama chokaa au ya kahawia. Jambo hilohilo linajulikana sana Arusha, Tanzania, hadi mtu akicheka watu wanakisia alikozaliwa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Rangi hiyo si uchafu, wala si uvivu wa mswaki, na mwenye nayo amechoka kuambiwa hivyo tangu shule ya msingi. Jeli ya kawaida inaweza kuyafanya madoa meupe yazidi kuonekana, naye akiongeza nguvu na siku, anachovuna ni ganzi. Floridi ileile iliyomtia madoa utotoni ndiyo itakayomtuliza ukubwani akiipata kwenye dawa ya mswaki. Kiasi na umri ndivyo vinavyotofautisha.

Kuna pia waliopewa tetrasaiklini wakiwa wadogo, chini ya miaka minane hivi, au ambao mama zao waliitumia wakiwa wajawazito. Dawa hiyo hujifunga ndani ya dentini na kuacha mistari ya kijivu au ya kahawia. Hapo kung'arisha kunawezekana, kwa jeli dhaifu na kwa miezi, si siku. Bila daktari wa kufuatilia ni kujitesa. Jino moja lililogeuka kijivu baada ya kugongwa, mara nyingi kiini chake kimekufa na linatibiwa kutoka ndani. Meno bandia na sehemu zilizozibwa hazibadiliki rangi hata zikilala kwenye jeli mwaka mzima.

Nimalizie na lile la kusema. Anayeng'arisha meno yuko katika hatari ya pekee: anatarajia kuumwa, basi akiumwa kwa sababu nyingine anadhani ni yaleyale na kuvumilia. Hapa sarufi yetu inasaidia kuliko msamiati. Sikilizeni tofauti: "linauma nikinywa baridi", na likiacha mara tu baridi ikipita, hayo kwa kawaida ni maumivu ya vijifereji. "Nikinywa baridi linauma, halafu linaendelea kuuma" ni habari nyingine. Kiini kimeguswa, na pengine kuna tundu. "Linauma nikitafuna" inaelekeza kwenye jino lililopasuka au usaha kwenye mzizi. "Linauma tu, hata usiku nikilala" ni ya kupelekwa kwa daktari kesho, jeli au bila jeli. Ile mishtuko ya umeme niliyoitaja huja bila kuitwa pia, lakini ni ya sekunde na hubadilisha meno. Jino lilelile likipwita kwa dakika nzima si mishtuko hiyo. Tofauti yote ya uchunguzi imekaa katika kiambishi -ki- na katika neno dogo "tu".

Katika Kiswahili chetu cha Kongo tuna kitu kingine, kiambishi tamati -aka: "meno inaniumaka". Ni umbo zuri, linaeleza kwamba jambo hutokea mara kwa mara, kama hu- ya Kiswahili sanifu. Ila linapotumika peke yake linamwacha daktari na mazoea bila sababu. Anajua meno huuma, hajui huuma lini. Tunapomfasiria mgonjwa, kama wengi wetu tunavyoombwa kufanya hospitalini kwa ajili ya jamaa waliotoka vijijini, ni kazi yetu kuitafuta ile -ki- iliyofichwa: "Mama, inaumaka ukifanya nini?"

Kuhusu istilahi, nimesikia pendekezo la kuliacha neno ganzi kabisa katika maandishi ya tiba na kutohoa "sansibilite". Sioni faida. Ukakasi nao haufai, kwa kuwa ni ladha ya kitu kinywani, kama ndizi mbichi, na hausemi lolote juu ya hali ya jino. Kitenzi kushtuka tunacho tayari, na kila mtu anakielewa: meno yanashtuka, meno mepesi kushtuka. Ganzi ibaki kwa sindano na kwa embe bichi. Na kwa daktari, sentensi moja hivi inatosha: "Jino hili la mbele, la chini kulia, linashtuka nikinywa baridi, sekunde mbili tatu kisha linaacha, tangu usiku wa tatu wa jeli ya kabamidi ya asilimia 10."